Aliyeambiwa Asubiri Sebuleni

Kwenye zahanati ile kulikuwa na daktari mmoja, wauguzi wachache, na mwanamke wa mapokezi ambaye wagonjwa walimjua kuliko hao wote. Walimwita Mama Mapokezi. Daktari hubadilishwa, wauguzi huhamishwa, lakini ukiingia pale mlangoni, uwe umekuja kwa miguu yako au umebebwa na majirani, sura ya kwanza kuiona ni yake na maneno ni yale yale: "Karibu. Pole. Kaa hapo, utaitwa." Alikuwa ameyasema kwa miaka mingi hata mdomo wake ukawa haumsubiri tena. Mdomo ulifanya kazi yake, mkono ukajaza kadi, na mwenyewe alikuwa kwingine, au pengine hakuwa popote.

Hakuanza hivyo. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akilia chooni. Mtoto akiletwa amelegea, chakula chake yeye hakishuki. Mzee akisahaulika kwenye benchi mpaka jua linazama, anayekosa usingizi ni yeye. Muuguzi mmoja aliyekula chumvi nyingi kazini akamvuta pembeni, akamwambia, "Dada, ukiendelea hivi utatoka hapa umebebwa. Jifunze kuwa na ganzi." Akajifunza, tena haraka. Ganzi ilianza pale kwenye dirisha la mapokezi, ikamfuata nyumbani kidogo kidogo, hadi siku alipopigiwa simu kwamba baba yake amefariki akajibu, "Pole sana," utadhani marehemu ni baba wa aliyepiga. Watu wakamsifu, wakasema ana moyo wa chuma. Sasa mtu akishasifiwa ugonjwa wake, atatafuta dawa ya nini?

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na jina lake likawa Fundi tu. Huyo alikuwa mtu wa mzaha, wa aina ile ambao msibani inabidi wakalishwe mbali na wenye cheko jepesi. Walikuwa na binti mmoja, wa darasa la pili, waliyemwita Kasuku. Alipewa jina hilo kwa haki. Aliongea akila, aliongea akioga, na mwalimu wake aliwahi kumhamisha akakae peke yake mbele, akaanza kuongea na ubao.

Zahanati ikampa Mama Mapokezi nyumba ya wafanyakazi, ile iliyo nyuma ya uwanja wa kuanikia mashuka. Aliyekaa mle kabla yao alikuwa mfamasia, naye aliondoka bila kuaga na kuacha mpaka mapazia yananing'inia. Fundi aliyashika yale mapazia, akayapapasa, akasema, "Mtu anayeacha mapazia mazuri hivi, ama ametajirika ama amekimbizwa. Na mfamasia huyu simwoni akiwa ametajirika." Mkewe hakucheka, lakini hakuwa mtu wa kucheka siku hizo, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida. Sebule, na ndani yake kochi la mbao la watu wawili ambalo mfamasia aliliacha pia. Chumba cha Kasuku, mlango wake ukitazamana na kochi uso kwa uso. Chumba cha wazazi upande wa pili. Jiko lilikuwa nyuma, lina meza, sinki na mlango mdogo wa kutokea uani. Dirisha la jiko lilikuwa chini kidogo, mtoto akisimama nje anachungulia ndani bila kupanda kitu.

Siku ya kuhamia, alasiri, Fundi na Kasuku walikuwa mbele wakishusha vyombo kwenye mkokoteni, baba akibeba na mtoto akitoa amri. Mama alikuwa amechuchumaa jikoni akifuta sufuria, mgongo ameupa mlango wa nyuma. Akasikia, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, mpole, aliyechoka. Sauti kama hiyo aliisikia kila siku ya Mungu. Bila kuinua kichwa, mdomo ukafanya kazi yake.

"Karibu. Pole. Kaa hapo, utaitwa."

Kitasa kikalia. Miguu ikapita nyuma yake ikiburuzwa, mguu mmoja mzito kuliko mwenzake, ikaingia sebuleni, na kochi likalia kama kochi linavyolia mtu akilikalia. Yeye akaendelea na sufuria. Alipomaliza ndipo akakumbuka kwamba yuko nyumbani, siyo kazini. Akaenda kutazama. Sebuleni hapakuwa na mtu. Godoro la kochi lilikuwa limebonyea upande mmoja, na alipoliwekea kiganja halikurudi juu. Akawaza tu kwamba sponji imezeeka, akarudi kupanga vijiko.

Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukoma. Jioni ile ile, jua halijazama, alijitupa kwenye kochi upande uliobonyea, na hapo hapo akaruka na kuangukia ndoo. Alisimama amekauka mdomo, na mzaha wote umemtoka.

"Nimepakatwa," akasema.

"Umefanywaje?" mkewe akauliza.

"Nimepakatwa, mke wangu! Nimekalia magoti ya mtu! Magoti, nimeyasikia yote mawili!"

"Pole," akasema mkewe, akaenda kuokota ndoo.

Aliyewaeleza ukweli ni dobi wa zahanati, mama wa makamo aliyekuwa akianika mashuka hatua chache kutoka ukutani kwao. Alikuja kuwasalimia majirani wapya, Fundi akamsimulia habari ya magoti akitarajia kuchekwa. Dobi hakucheka. Alitua beseni chini.

"Kwani mfamasia hakuwaambia? Mimi nilijua mmeambiwa. Ukikaa nyumba hii, hodi ya mlango wa nyuma haiitikiwi. Sisi wote tunajua. Anapiga hodi tatu, asipoitikiwa anaondoka zake, hana ubaya na mtu. Mbona mfamasia alikaa miaka mizima."

"Sasa alihama kwa nini?"

"Alichoka kukaa kimya. Mgeni wako wa kweli anakuja, unamwacha nje anaungua jua. Ndugu zake walimnunia wote." Akamgeukia mama. "Mwanangu, ninyi hamkuitikia, au siyo?"

Mama Mapokezi akasema aliitikia. Akasema na maneno aliyoyatumia, kwa sababu aliulizwa. Dobi akasema kwa sauti ya chini, "Umemwambia ataitwa? Na nani?" Dobi akachukua beseni lake, na tangu siku hiyo akawa anaanika mashuka upande wa mbali wa uwanja.

Basi wakaishi naye. Wengine wa namna hii husubiri giza. Huyu alikuwa mtu wa mchana, wa saa za kazi hasa. Asubuhi mkiamka yuko kochini, mmeshajua kwa lile shimo kwenye sponji. Kukianza kuchwea sponji inainuka, nyumba inapumua. Alikohoa. Alikuwa na kikohozi cha kujizuia, cha mtu anayeona haya kusumbua wenzake. Siku zilivyokwenda akaanza kugonga mkono wa kochi kwa vidole, kwanza taratibu, halafu kwa hasira. Fundi akiwa anakula, sahani ikavutwa kidogo kuelekea kochini. Kasuku akiwa anapita, gauni lake likashikwa na kuachiwa. Mama alikuwa akiyaona yote hayo. Aliyaona waziwazi, na ndani yake hakikutikisika kitu. Alikuwa akisimama mbele ya kochi na kujiuliza, "Mbona siogopi?" na swali lenyewe analiuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya asizozihitaji.

"Tuhame," Fundi akasema.

"Kwa nini? Hajatudhuru."

"Mpaka atudhuru ndiyo tuhame? Mama Kasuku, mimi nakuuliza, unasikia nywele zikikusimama? Hata kidogo?"

"Hapana."

Fundi akamtazama kama anavyotazama friji asiyoielewa. Akasema, "Friji ikiacha kunguruma, wenye nyumba wanafurahi, wanasema leo kumetulia. Nyama iko ndani inaoza kimya kimya." Akatoka nje kuvuta hewa.

Kasuku ndiye aliyeleta ujumbe. Alimfuata mama jikoni, akasimama karibu sana.

"Mama, yule babu anauliza bado?"

"Bado nini?"

"Hajaitwa. Anasema wewe ndiye uliyemwambia ataitwa. Kila nikipita ananishika, ananiuliza, 'Mjukuu wangu, bado?' Mama, mimi naogopa."

"Pole, mwanangu. Itaisha."

Mtoto akamtazama. "Mama, hiyo siyo pole yangu. Hiyo ya hospitali."

Mtu mwingine angepasuka moyo hapo. Yeye alilisikia neno, akalielewa, akaona kwamba mtoto amesema kweli, na kweli hiyo ikapita kando yake ikaenda zake. Alichobaki nacho ni kwamba kuna mgonjwa amesubiri muda mrefu. Hilo alijua jinsi ya kulishughulikia.

Kesho yake alipotoka kazini hakuvua hata mkoba begani. Fundi alikuwa uani akitengeneza friji ya mtu. Kasuku alikuwa chumbani kwake, mlango umerudishiwa, akifanya kazi za shule. Mama alisimama sebuleni, akalitazama kochi, akatoa sauti ile ya dirishani.

"Anayefuata!"

Vidole vilivyokuwa vikigonga vikanyamaza. Sponji ikainuka polepole. Miguu ikasimama, mmoja mzito kuliko mwenzake. Kwenye zahanati, mlango wa daktari unatazamana na benchi. Ukiitwa unanyanyuka, unakwenda moja kwa moja mbele. Na hapa, mbele ya kochi, palikuwa na mlango mmoja tu. Ukafunguka, ukajifunga.

Sasa, kilichofuata ndicho ambacho Fundi hakuja kumsamehe kwa muda mrefu, na sioni kwa nini angeharakisha. Mtoto alipiga ukelele mle ndani. Na mama yake, aliyemzaa, alirudi nyuma hatua moja, akakunja mikono, akangoja. Alingoja atoke, kama anavyongoja wagonjwa watoke kwa daktari. Kelele za chumba cha daktari hazimhusu mtu wa mapokezi. Zilikuwa kelele za kawaida za mtoto anayechomwa sindano, na mwili wake ukazipokea kama zilivyo.

Fundi akapita jikoni mbio, bisibisi mkononi, akausukuma mlango kwa bega. Haukuwa na komeo, lakini ulikuwa umezuiwa na kitu, kitu laini. Akausukuma tena, ukaachia. Kasuku alikuwa amebanana ukutani juu ya kitanda, mkono mmoja ameunyoosha mbele na vidole vimekunjika kama vimeshika kitu cha mviringo. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea.

"Anasema nimpime," mtoto akasema, meno yanagongana. "Baba, ananishikisha mkono wake nimpime. Mkono wenyewe hauna joto. Baba, mwambie mimi siyo daktari!"

Fundi akamnyakua, akamtoa nje hadi uani, akamkalisha juu ya friji ya mteja. Mama akawafuata. Kasuku alilia mpaka kwikwi zikaisha, kisha akamwuliza mama yake, siyo kwa ugomvi, alitaka tu kujua.

"Ulikuwa pale sebuleni?"

"Ndiyo."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Sasa mbona hukuja?"

Mama alitafuta jibu. Alitafuta kweli, maana aliona kwamba hapa jibu linahitajika kuliko mahali popote alipowahi kuulizwa kitu. Hakuliona. Kasuku akasubiri kidogo, akageuza uso, na huo ukawa mwisho wa maswali yake.

Jioni hiyo walimpeleka kwa mama mdogo wake, dada wa mama, fundi cherehani aliyekuwa na nyumba ndogo iliyojaa vitambaa huko upande wa pili wa soko. Kasuku alikaa kwenye mkeka chini ya cherehani, na yule aliyekuwa akiongea na ubao akawa haongei. Mama alipitia pale kila alipotoka kazini. Alileta daftari, alileta sabuni, aliuliza kama amekula. Mtoto akajibu ndiyo au hapana. Siku moja mama akamwambia warudi nyumbani, yule babu hatoki tena chumbani, watalala wote chumba kimoja. Kasuku akatikisa kichwa.

"Wewe huogopi," akasema.

"Si vizuri, sasa? Mama yako haogopi."

"Siyo vizuri. Mtu asiyeogopa hakimbii. Wewe hutakimbia, na mimi nitakuwa nakungoja wewe, ndiyo atanikamata." Akavuta uzi uliokuwa sakafuni, akauzungusha kidoleni. "Siku ukiogopa nitakuja."

Mama mdogo aliacha kukanyaga cherehani. Alipomsindikiza dada yake hadi nje alimshika mkono, akamwambia, "Dada, utampoteza huyu. Anakula, analala, lakini utampoteza. Nakwambia kabla sijaambiwa nilikuwa nimenyamaza." Mama akamshukuru. Njiani alilipima lile neno, kumpoteza. Alijua kwamba ni kubwa. Alijua kama unavyojua kwamba mlima fulani ni mrefu, na hujawahi kuupanda.

Fundi naye akahamia karakana kwa ndugu yake. "Njoo," akamwambia mkewe. "Acha hata sufuria." Hakwenda. Hakuwa na ushujaa wowote, watu wasije wakamsingizia. Alibaki kwa sababu hakuona sababu ya kuondoka, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lote. Tena alikuwa na mpango mdogo wa kijinga. Aliwaza kwamba kama hofu ipo popote, basi ipo kwenye chumba kile, na akikaa nayo muda wa kutosha itamwingia, kama harufu ya dawa inavyoingia kwenye nguo.

Kwa hiyo kila alasiri alipotoka kazini aliingia chumbani kwa Kasuku, akaketi ukingoni mwa kitanda. Upande wa pili godoro limebonyea. Mara ya kwanza alipoketi, shimo likasogea kidogo kumpa nafasi, kwa adabu, kama watu wanavyosogeana kwenye benchi. Wakakaa hivyo, yeye na mgeni wake, wakitazama ukuta. Mtoto alikuwa amebandika pale picha aliyochora, nyumba yenye miguu. Mgeni akakohoa. Mama akasikiliza kama kuna kitu kinatetemeka ndani yake. Hakuna. Siku nyingine tena, hakuna. Kazini aliendelea kusema karibu na pole, nyumbani aliendelea kuketi, na katikati akapitia kwa cherehani kupewa ndiyo na hapana zake.

Halafu ikaja alasiri ambayo mgeni alisema. Hakuwahi kumsemesha yeye kabla. Sauti ilikuwa karibu na bega lake, ile ile, ya upole na uchovu.

"Daktari amechelewa leo."

"Subiri kidogo, baba," akajibu. "Itaisha."

Neno lilikuwa limeshatoka. Akalisikia. Lilikuwa na sauti ile ile, upole ule ule wa kupima na kugawa, aliomgawia mtoto wake jikoni siku ile alipomwambia naogopa. Sawasawa. Hakuna hata chembe iliyoongezwa kwa ajili ya Kasuku. Kwa yule aliyemzaa na kwa huyu asiye na mkono wenye joto, mdomo wake ulikuwa na pole moja. Akawaza, basi mtoto wangu amekuwa akiishi na hili. Siyo na huyu babu. Na mimi. Alikuwa amekaa na sauti isiyo na mtu ndani yake tangu azaliwe.

Hapo ndipo kitu kilipoanza, chini kabisa, kwenye nyayo. Mguu uliolaliwa, damu ikirudi, hauanzi kwa raha, unachoma. Ndivyo alivyoanza kuchomwa. Alisimama, akatoka chumbani kinyumenyume, na kwa mara ya kwanza hakulipa lile godoro mgongo.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kushtuka. Mlango wa choo ukijigonga, moyo unamruka. Kazini alimwangushia mgonjwa kadi. Nyumbani alifunga kila kitu, akajiapiza kwamba hodi ya mlango wa nyuma hataiitikia tena mpaka anaingia kaburini. Angeweza kuhama hapo hapo, lakini hofu ilikuwa imemkuta hana mazoezi. Watu wengine ikiwashika wanakimbia, yeye ilimshika ikamgandisha. Hakupitia kwa mama mdogo pia. Aliogopa kufungua mdomo mbele ya Kasuku, maana hakujua ni sauti gani itatoka.

Alikuwa jikoni, alasiri yenye jua kali, akimenya viazi ambavyo hakuwa na hamu navyo. Mlango wa nyuma ukagongwa kidogo.

"Hodi."

Kisu kikamponyoka. Haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa nyembamba, ya chini, ya mtoto. Na akili yake, iliyokaa miaka kwenye dirisha la mapokezi, ikamletea jibu moja tu: wagonjwa huambiana palipo na huduma. Yule wa kwanza amewaambia wenzake. Sasa wanaleta watoto.

Kutoka chumbani godoro likalia. Sauti ya uchovu ikasema, "Mama, kuna mtu mlangoni."

Akaingia chini ya meza. Mwanamke mzima, mwenye sare ya kazi na saa ya mkononi, alijikunja chini ya meza ya jikoni, magoti kidevuni, viganja viwili mdomoni ili mdomo usije ukafanya kazi yake. Maana aliusikia ukijiandaa. Karibu ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, imekaa, inasukuma. Akauma kiganja. Jasho likamtoka, meno yakagongana.

"Hodi," mara ya pili.

"Mama," sauti ya chumbani ikasema, sasa kwa kukasirika, na miguu ikashuka sakafuni, mmoja mzito kuliko mwenzake. "Mgonjwa anasubiri nje."

Kivuli kikapita dirishani, kikatulia, kikaondoka.

"Hodi," mara ya tatu, polepole sana.

Akauma kiganja mpaka akaonja damu. Kisha akasikia hatua zikiondoka juu ya changarawe, na hizo hazikuburuzwa. Zilikuwa hatua za viatu vya shule.

Akatoka chini ya meza, akajivuta hadi dirishani. Ng'ambo ya uwanja, kati ya mashuka yaliyoanikwa, mtoto wa darasa la pili alikuwa akienda zake kuelekea barabarani, begi la shule mgongoni, kamba moja imelegea. Kasuku hajawahi kupiga hodi nyumbani kwao tangu aanze kutembea. Yeye na milango walikuwa wakikutana kwa mateke. Ndiyo maana mama hakuijua ile hodi. Mtoto alikuwa amekuja kwa mama yake kama anavyokuja mgeni, na mgeni akipiga hodi tatu asiitikiwe, anaondoka.

Nyuma yake, kwenye mlango wa jiko, mtu akakohoa.

Mama Mapokezi alitoka mguu niponye. Hakuvaa viatu, hakufunga mlango, alipita katikati ya mashuka masafi akayavuta mengine mpaka chini, Dobi akapiga yowe. Alimfikia mtoto karibu na barabara, akamgeuza kwa bega, akapiga magoti kwenye vumbi. Alitaka kusema kitu. Kinywa kilikuwa kimejaa damu na hewa, na hakikutoka chochote.

Kasuku alimtazama. Aliangalia kiganja kilichotoka damu, kisha nywele, kisha midomo iliyokuwa ikitetemeka bila breki.

"Hukuja tena kwa mama mdogo, nikaja mimi. Nilikuchungulia," akasema. "Ulikuwa chini ya meza."

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Ulidhani mimi ndiye yule?"

"Nilidhani," mama akasema, na sauti iliyomtoka ilikuwa mbovu, imepasuka, haijanyooshwa na mtu. "Nilidhani ni mwingine. Nilikuacha nje, mwanangu. Ulipiga hodi nikakuacha nje."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Naogopa. Bado naogopa. Naogopa sana, Kasuku, hata kusimama siwezi."

Mtoto alilipokea jibu hilo kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza zamani sana. Akaikaza ile kamba ya begi iliyolegea. Akatazama nyuma kule kwenye nyumba, ambako mlango wa jiko ulikuwa wazi na pazia la mfamasia linasukumwa kutoka ndani, kisha akamshika mama yake mkono usio na damu.

"Simama basi," akasema. "Sasa tukimbie."

Wakakimbia. Walipita mbele ya zahanati, na watu kwenye benchi wakamwona mtu wao wa mapokezi, peku, sare imejaa vumbi, anavutwa na mtoto na kulia kwa sauti kubwa barabarani mchana kweupe. Mmoja akaita, "Mama Mapokezi, pole, kuna nini?" Hakumjibu. Kasuku alikuwa na mbio kuliko yeye. Ilibidi amwachie mkono atangulie. Na kila walipofika kwenye kona alipunguza mwendo, akageuka kutazama kama mama yake bado anakimbia.